Saa yangu ya Uswisi, saa ya plastiki ya mwadhini wetu, na futari iliyoliwa jua halijazama

Wakuu, salaam kwenu nyote, mliofunga sita za Shawali na msiofunga.

Uzi huu nimeuandika mara nne nikaufuta. Leo naupandisha ulivyo. Sitatia chumvi, na pale nilipofanya uchafu nitasema nimefanya uchafu. Nilichobadilisha ni majina tu, kwa sababu kisiwa chetu kidogo na watu wanajuana mpaka kwa vikohozi.

Juzi kuna mdau aliuliza humu: saa ya bei mbaya na saa ya kawaida, tofauti yake hasa ni nini? Watu wakamjibu kwa picha za mikono yao.

Mimi jibu langu halina picha.

Nina miaka thelathini na tisa. Nimezaliwa Ole, Pemba. Kwa wasiopajua, Ole iko ndani ndani, si pwani: mikarafuu, mihogo, na baiskeli nyingi kuliko magari. Nauza spea za magari Dar, na Mungu amenijaalia, silali njaa.

Mwaka jana mshkaji wangu aliyeko Dubai akanipatia saa ya Uswisi. Used, lakini orijino, na karatasi zake zote. Brand siitaji, mods wasije wakasema natangaza biashara. Bei nayo siitaji. Niseme tu kwamba kwa pesa ile ningeezeka upya nyumba ya mama yangu, na chenji ingebaki.

Na bati la mama linavuja. Nililijua hilo siku ninanunua.

Saa yenyewe ni automatic. Haina betri. Ndani kuna springi, na springi inajikaza kwa kutikisika mkono wako unapotembea. Ukiipindua, mgongoni kuna kioo, unaona mashine yote inavyocheza. Wakuu, ile kitu ni nzuri. Sitajifanya leo kusema ni mbaya.

Basi Ramadhani hii nikaenda nyumbani kumi la kati.

Sikwenda mikono mitupu. Nilinunua vyombo vya msikiti wa mtaani kwetu: spika mbili kubwa, kipaza sauti, na amplifaya inayokula betri ya gari, maana umeme kule ukiamua kuondoka hauagi. Nikavipandisha boti, nikavifikisha kwa mama salama. Vikakaa chumbani kwangu siku tatu, tunamsubiri fundi wa kufunga.

Spika moja niliifanya meza. Nikilala, navua saa, naiweka juu yake.

Siku ya kufunga vyombo, baada ya sala ya Alasiri, watu wakabaki barazani pa msikiti kupiga soga na kunishukuru. Imamu wetu, Maalim Khatib, akaniombea dua. Nikajisikia mtu, wakuu. Kifua kikapanda.

Hapo ndipo mmoja wa wale tuliosoma nao akaiona saa. "Yakhe, hebu tuione hiyo."

Nikaivua, ikazungushwa mkono kwa mkono. Nikaanza kulekcha. Kioo hiki hata ukikikwaruza kwa msumari hakishiki alama. Hii haitaki betri maisha. Hii mjukuu wangu ataivaa.

Ikamfikia Mzee Faki.

Mzee Faki ndiye mwadhini wetu. Nimezaliwa nikiisikia sauti yake. Alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu Omar, ndiyo maana namwita Ami, na baba alipokufa yeye ndiye aliyeingia kaburini kumpokea. Zamani alikuwa mchumaji karafuu hodari, akaanguka mtini, mguu wa kushoto ukapona vibaya. Tangu hapo kazi yake ni shamba dogo la muhogo na adhana tano.

Mkononi alikuwa na saa ya plastiki nyeusi, zile za namba, unabonyeza pembeni inawaka taa. Mkanda ulikatika siku nyingi, ameufunga kwa uzi wa nailoni. Alinunua sokoni Chake Chake, mjini kwetu, kwa bei ya kuku mmoja.

Akaishika saa yangu kwa vidole viwili kama mtu aliyeshika yai la mtu. Akauliza, "Sasa hii inakwenda kwa nini?"

"Kwa mkono wako, Ami. Ukitembea, nayo inatembea."

"Na mwenyewe akilala?"

"Ukiivua siku mbili inasimama."

Akacheka. "Basi hii ina uvivu kama sie."

Watu wakacheka, na wakuu, kicheko kile kikanichoma. Nilitaka wacheke upande wangu. Nikamshika mkono nikaunyanyua, ile plastiki yenye uzi wa nailoni ikaonekana na kila mtu, nikasema: "Na hii je, Ami? Si ya kuchezea watoto hii? Yaani mtaa mzima roho zetu tumezitundika hapa?"

Watu wakaangua kicheko. Sasa walicheka upande wangu.

Mzee Faki naye alicheka. Lakini mkono aliuvuta taratibu, akaushusha ndani ya mkono wa kanzu.

Niliona. Nikajifanya sikuona.

Zikapita siku nne.

Siku ya nne mvua ilianza mchana. Si manyunyu, ile mvua ya kumwaga, mbingu imekuwa nyeusi tangu saa tisa. Umeme ukaondoka. Ilipofika saa kumi na mbili jioni huwezi kujua jua liko wapi, hata kama liko.

Siku hiyo futari ya msikitini nilikuwa nimeitoa mimi. Tende, kahawa, maji, mikate ya kumimina, muhogo wa nazi na samaki. Watu walijaa kwa ajili hiyo na kwa ajili ya mvua. Wamekaa kwenye mikeka kule nyuma, sinia mbele yao, wanasubiri.

Najua mtaniuliza: simu hamna? Simu zipo. Lakini msikitini watu wanazima, na kwetu mtu hafuturu kwa simu, anafuturu kwa adhana. Adhana ndiyo saa. Akina mama majumbani wamekaa na kikombe mkononi wanasikiliza msikiti. Simu yangu mimi ilikuwa nje, kwenye gari nililokodi, inachaji.

Mzee Faki alikuwa amesimama mbele, karibu na kipaza sauti, ameinamia mkono wake. Ratiba ya Ramadhani imebandikwa ukutani pale. Siku hiyo Magharibi ni saa kumi na mbili na dakika thelathini na moja.

Nikatazama saa yangu. Kumi na mbili na thelathini na moja kasoro kidogo.

Nikamsogelea. Mvua inapiga bati, hata mtu wa safu ya pili asingesikia tunachosema. Tulikuwa mimi na yeye tu.

"Ami, wakati umeingia."

Akanionyesha mkono wake. "Bado, baba. Bado dakika tisa."

"Ami, tazama hii." Nikamwekea saa yangu machoni. "Muda ndio huu. Watu wamekaa na njaa. Kuharakisha futari ndiyo sunna, wewe ndiye uliyetufundisha."

"Nnajua. Lakini yangu nimeisawazisha na redio alasiri hii hii. Kila siku naisawazisha, ile milio ya redio ikilia."

Hapo, wakuu, ndipo nilipofanya uchafu wenyewe. Ningeweza kwenda kwenye gari kutazama simu. Hatua ishirini. Ningeweza kumuuliza mtu yeyote kwenye mikeka. Nikasema, na nilisema kwa sauti ya tajiri anayemwonea huruma maskini:

"Ami, hiyo imeingia maji. Usitutie aibu mbele za watu."

Akaitazama saa yake. Akaitazama yangu. Akanitazama mimi usoni, muda mrefu kidogo kuliko mtu anavyomtazama mtu.

Halafu akasema, "Haya. Labda betri."

Akageuka akashika kipaza sauti.

Sauti yake ilitoka kwenye spika zangu mpya ikaishinda mvua. Zile spika za zamani zingefika nyumba thelathini. Zangu zilifika mpaka mtaa wa pili na wa tatu, mpaka mashambani huko. Nilisimama pale najivunia jinsi zinavyosikika.

Watu wakafuturu. Tende, kahawa, maji. Mimi nikachukua tende tatu. Mama yangu nyumbani, kama nilivyokuja kujua baadaye, akanywa uji wake.

Kisha sala ikakimiwa, tukasimama kuswali.

Tukiwa rakaa ya pili mvua ikapungua ghafla, kama mtu aliyefunga bomba. Na katika ule ukimya tukasikia, kutoka msikiti wa mtaa wa pili:

Allahu akbar, Allahu akbar.

Adhana ya Magharibi. Inaanza.

Na sisi tuko kwenye sala.

Sijui niwaeleze vipi. Hakuna aliyegeuka, maana tuko kwenye sala. Hakuna aliyesema kitu. Lakini nilihisi safu nzima mabega yanakuwa mazito. Maalim Khatib alikuwa anasoma, sauti ikamkatika katikati ya aya, akaanza tena. Kisha adhana ya upande wa pili ikaingia, na nyingine kwa mbali zaidi. Kisiwa chote kinaadhini, sisi tumeshakula.

Maalim akatoa salamu. Akakaa kidogo amewapa watu mgongo. Kisha akageuka.

"Jamaa, sala hii tutairudia, wakati ulikuwa haujaingia. Na siku hii ya leo, kila aliyefuturu kwa adhana yetu ana deni la siku moja. Atalipa baada ya Ramadhani." Akatupitishia macho safu nzima. "Imekuwaje?"

Mzee Faki akasimama. Kwa mguu ule, kusimama kwake ni kazi. Akasema:

"Mie, Maalim. Kosa langu. Nimekosea saa."

Akakaa.

Wakuu, mimi nilikuwa safu ya kwanza, kati yetu kuna mtu mmoja tu. Alinipa nafasi. Alipokaa hakunitazama. Nilikuwa na muda wa kusema neno moja, "Hapana." Neno moja tu.

Nilivuta mkono wa kanzu nikaifunika saa.

Tulipotoka nikaenda kwenye gari kutazama simu. Saa yangu ilikuwa mbele dakika tisa. Dakika zile zile alizoniambia.

Nikakaa ndani ya gari na milango imefungwa. Mtu akaja akagonga kioo, yule yule wa "hebu tuione hiyo". Nikateremsha kioo. Akasema:

"Yakhe, yule mzee ile saa yake tulisema. Ungempa yako wewe ashike leo, tungesalimika."

Nikamjibu, "Inshaallah, nitamnunulia mpya."

Nimejiahidi kusema kila kitu ndiyo maana nimeandika na hilo. Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu.

Siku mbili zilizofuata nilikaa kimya. Nilijipa sababu za kila namna. Kwamba nikisema nitamvunjia Mzee Faki heshima, maana yeye keshasema. Kwamba Ramadhani si wakati wa fitina. Kwamba ni siku moja tu, watu watalipa, yaishe.

Lakini mtaani hayakuisha. Kila barza ni habari ya Faki. Faki kazeeka. Faki haoni. Kuna mzee mmoja wa miaka zaidi ya themanini, alikuwa anafunga kwa kujikokota, akasema mbele yangu, "Siku moja kwa kijana ni siku. Kwangu mie ni mlima." Na wengine waliofuturu hata si wa msikiti wetu, wamekuja kulalamika kutoka mtaa wa tatu huko, waliosikia spika.

Kamati ya msikiti ikakaa. Adhana akapewa kijana mmoja wa madrasa, mzuri tu, ana simu. Mzee Faki hakubishana. Alikabidhi ufunguo wa kabati la vyombo, akashukuru kwa miaka aliyovumiliwa.

Alivyosema hasa ni hivyo: "Nawashukuru mlivyonivumilia." Nilikuwepo.

Siku ya tatu nikaenda Chake kwa fundi saa. Kibanda kidogo, kijana wa Wawi, mtaratibu. Akaichukua saa, akaisogezea dira ndogo ya kuonyesha kaskazini. Mshale wa dira ukacheza.

"Imeshika sumaku," akasema. "Umeiweka wapi? Karibu na spika?"

Nikaikumbuka ile meza yangu ya chumbani.

Akanielezea. Ndani ya hizi za springi kuna waya mwembamba kama unywele umejizungusha. Ukishika sumaku, mizunguko inagandana, saa inakimbia, dakika moja mbili kila siku. Akaiweka juu ya kidude fulani, akabonyeza, akaiondoa. Haikuchukua hata dakika.

Nikamuuliza, "Na zile za plastiki za namba?"

"Zile hazina habari na sumaku. Zinakwenda kwa betri na kijiwe ndani. Tena nikwambie ukweli, kwa kushika wakati tu, hata yako ikiwa nzima, ile ya sokoni inaishinda. Yako inateleza sekunde kadhaa kila siku. Ile mpaka mwezi uishe ndio utaona tofauti."

"Sasa watu wanazinunua za nini hizi?"

Akanirudishia. "Ni nzuri," akasema.

Mdau uliyeuliza kule, jibu lako la kiufundi ndilo hilo. Fundi kalimaliza kwa maneno mawili.

Lakini mimi tangu mwaka jana, siku hata moja sikuwahi kuilinganisha saa ile na simu. Sikuwa naitazama saa. Nilikuwa naionyesha.

Jioni ile nikawa jikoni na mama, anakuna nazi. Mama yangu ana miaka sabini na kitu, magoti yamekwisha, lakini funga haachi. Akasema bila kuinua kichwa:

"Jana Faki hakuja taraweh. Na juzi hakuja."

Nikaendelea kupanga vikombe.

"Faki namjua tangu kijana. Watu wanasema uzee. Faki hata akizeeka hivi ukamwamsha usingizini atakwambia saa ngapi. Kuna ntu kamtia maneno siku ile."

Mbuzi ya kukunia ikasimama. Akanitazama.

Mama zetu, wakuu. Nilihisi kama nina miaka saba.

Nikamwambia. Yote. Saa, spika, "imeingia maji", "usitutie aibu". Nikilia, sitaki kuficha. Nilitegemea atanigombeza, au atanishika kichwa. Hakufanya lolote katika hayo.

Akasema, "Usinambie mie. Mie si msikiti."

Akaendelea kukuna nazi.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Baada ya sala nikamwomba Maalim Khatib ruhusa ya kusema. Alidhani nataka kuchangia kitu kingine. Akanikaribisha kwa furaha, akawaambia watu tulieni, ndugu yetu ana neno. Akanipa kipaza sauti, kile kile.

Nilitaka kusema bila kipaza sauti. Halafu nikakumbuka waliosikia adhana walikuwa majumbani na mashambani pia. Nikakiwasha.

Sikusema mengi. Nilisema: "Siku ile Mzee Faki hakukosea. Saa yake ilikuwa sawasawa. Aliniambia bado dakika tisa. Mimi nikamlazimisha kwa saa yangu, na saa yangu ilikuwa mbovu. Aliposimama kubeba kosa nilikuwa nimekaa hapa, nikamwachia. Deni la siku yenu niulizeni mimi."

Mnajua nilichotegemea? Nilitegemea mtu atasema "masha Allah, umefanya uungwana kukiri". Kwenye hadithi husemwa hivyo.

Hakuna aliyesema. Watu walitazama mikeka. Yule mzee wa themanini akanyanyuka, akachukua bakora yake, akapita mbele yangu bila salamu. Yule mwenzangu wa kioo cha gari akasema taratibu, "Na sie tukamsema ntu siku tatu," akatoka. Nadhani kila mtu alikuwa na aibu yake ya kubeba, hakuwa na mkono wa kunishikia yangu.

Nikamuuliza Maalim, "Naweza kuwalipia mimi? Nifunge siku zote hizo, hata mwaka mzima?"

"Hapana," akasema. "Aliye hai hafungiwi. Kila mtu atalipa mwenyewe." Kisha akaongeza, "Na Faki leo hayupo. Kaenda kuswali Wawi kwa baiskeli. Huyo hujamwambia bado."

Nilimngoja kwake mpaka karibu saa tisa. Alikuja anasukuma baiskeli, kilima kilimshinda kupanda. Nikampokea baiskeli. Habari alikuwa keshazipata njiani, maana spika zilisikika.

Tukakaa kwenye kibaraza chake. Nilikuwa nimemletea saa mpya ya namba kama ile yake, ndani ya boksi, nimenunua Chake siku ya fundi. Nikaiweka mbele yake, nikamwomba msamaha. Nilipiga magoti, wakuu, na si kwa maonyesho, hapakuwa na mtu.

Akalitazama boksi. "Yangu ina ubaya gani?"

Nikalirudisha mfukoni.

"Inuka, baba. Nimeshakusamehe. Nilikusamehe pale pale, ntoto wa Omar siwezi kuwa na kinyongo naye."

"Basi urudi, Ami. Watu wote wanajua sasa. Maalim anakutaka urudi."

Akatikisa kichwa. Akausugua ule mguu wa kushoto.

"Weye unadhani nimeacha kwa sababu watu wamenisema? Watu kusema ni kazi yao. Mie nilijua bado dakika tisa. Nilijua, si kudhani. Nkapiga adhana. Kwa nini? Kwa sababu siku ile barazani ulininyanyua mkono watu wakacheka, nkaogopa watacheka tena." Akanitazama. "Nilikuonea haya weye. Skumuonea haya Mungu. Kosa lako lako, lakini hili ni langu. Mwadhini anayewaonea watu haya, hafai."

Nikamwambia hapana, kosa lote ni langu.

"Usininyang'anye na langu," akasema.

Akaingia ndani kutia udhu, Alasiri ilikuwa imekaribia.

Ndivyo ilivyoisha, kama imeisha. Nilisali Idi kule. Msikitini watu wananisalimia vizuri tu, watu wa kwetu waungwana. Mzee Faki anasali safu ya nyuma karibu na mlango. Yule kijana akiadhini, yeye anaitikia midomo inacheza, macho ameyafumba.

Saa ninayo. Najua mngependa kusikia nimeiuza nikaezeka bati. Bati nimeezeka, namshukuru Mungu, lakini saa sijaiuza, na sijui kwa nini. Iko kabatini. Imesimama.

Wiki iliyopita nikiwa dukani Dar, mama akapiga simu. Sauti yake imekauka. Nikamuuliza anaumwa?

"Siumwi. Leo mtaa wote tumefunga. Maalim katuomba tuilipe siku moja, pamoja, iwe nyepesi kwa wazee."

Nikamwambia ningejua ningefunga nanyi. Kadha yangu mimi, lile deni la siku moja, nilishaifunga peke yangu baada tu ya Idi.

"Ndio maana sikukwambia," akasema. "Hii siku yetu."

Akakata.

Nilikaa na ile simu sikioni, mteja kasimama mbele yangu anataka plagi za gari, sikumsikia.

Funzo? Nimelitafuta muda mrefu. Kununua kitu kizuri si dhambi, na maskini si lazima awe sahihi kila siku. Ila ukimcheka mtu mbele za watu unamtoa ndani kitu ambacho hujui alikuwa anakitumia kwa nini. Mimi nilimtoa Mzee Faki kitu cha kusema "bado". Na alikuwa anakitumia kwa niaba yetu wote. Kumwomba radhi ni rahisi, kukirudisha mahali pake sijui kunafanywaje.

Ndicho ninachotaka kuwauliza, wakuu. Kuna aliyewahi kumrudisha mtu mahali alipomtoa? Ulifanyaje? Mashehe mlioko humu, kuna neno la kumwambia mzee kama huyu ili akubali kushika tena kipaza sauti?

Mtakaonitukana nanyi karibuni. Nitasoma yote, sitamjibu mtu vibaya.